Supu ya Mwani

Mwaka huu siku yangu ya kuzaliwa
imeangukia Alhamisi ya mtihani.
Si kosa la mama, si kosa langu,
ni kalenda tu, imepiga hesabu zake:
miaka kumi na minane,
maswali mia na themanini.

Huku Gunsan mtu akiongeza mwaka
hupikiwa supu ya mwani, bakuli pomoni,
kwa kuwa ndiyo supu waliyokunywa mama zetu
walipotoka leba, miguu ikitetemeka.
Lakini siku ya mtihani mwani ni mwiko.
Mwani huteleza,
na mwenye kuteleza, wasema watu,
chuo hakimwoni.

Alfajiri mama alisimama jikoni
na pakiti ya mwani mkavu mkononi.
Akairudisha kabatini. Akaitoa.
Akairudisha.
Nilimchungulia kwenye upenyo wa mlango.
Basi akakaanga yai, akapakua wali,
akanitia mfukoni peremende ya kunata
ili nami ninate.
Hakusema heri ya kuzaliwa.
Nami sikusema nimeona.

Getini wadogo zetu wa kidato walipiga ngoma.
Mvulana alishushwa na pikipiki ya polisi,
mguu mmoja kiatu, mguu mmoja ndara,
akapita mbio kana kwamba anaungua.
Nilimtafuta Danbi kwenye foleni.

Danbi, mwezi wa tisa,
kila Jumatatu alitapika chooni
huku amefungulia bomba ili tusisikie.
Tulisikia.
Tulikuwa tumebakiwa na dakika sita za mapumziko,
na kila mmoja wetu alikuwa na karatasi yake ya msamiati.
Hilo sijamwambia mtu.

Ndani, msimamizi alivaa viatu vya mpira visivyolia,
hakujipaka hata marashi, ndivyo sheria inavyotaka.
Tumbo langu halikuisoma sheria hiyo.
Lilinguruma hadi safu ya tatu.

Saa saba na dakika kumi mchana
ndege zote nchini zilikatazwa kuruka na kutua.
Zilizokuwa juu zikabaki zikizunguka huko,
abiria wamefunga mikanda, wanatusubiri,
ili tusikie vizuri
Mwingereza mmoja akiulizia tiketi ya treni.
Mbingu nzima imenyamazishwa kwa ajili yangu!
Na mimi nasikia moyo tu,
du, du, du,
kama jirani anayepigilia msumari
kwenye ukuta usio wake.
Treni ya saa ngapi? Sijui.
Mwingereza keshaondoka.

Swali la ishirini na tatu nilichagua nne.
Nikabandika utepe mweupe juu yake, nikatia mbili.
Swali hilo nimerudi nalo nyumbani.
Limelala kwenye godoro langu, limejitanua,
mimi nimebanwa ukutani.

Jioni hakuna aliyeniuliza kitu.
Shangazi Malsun alipiga simu, mama akamjibu
habari za bei ya kabichi.

Kisha usiku nikasikia sufuria.
Saa sita na dakika nne.
Mtihani umepita, na siku yangu nayo imepita,
lakini mama yuko jikoni, taa ndogo inawaka,
mwani umelowa, umevimba, umejaa beseni
kama nywele za mtu anayeoga.

Tukala tumesimama.
Ulishuka kooni bila kuomba ruhusa.
Nikamuuliza,
"Mama, siku ile uliponizaa,
mimi nilitokaje?"
Akatafuna kwanza. Akafuta kidevu.
"Uliteleza," akasema. "Fyu! Kama samaki.
Hata sikuwa tayari.
Nesi akakudaka."

Matokeo ni Desemba.
Nikasogeza bakuli langu, akaniongeza.